Shajara ya mradi: thunbegia ya buluu juu ya kichanja, Rau, Moshi

Mradi ni kichanja kimoja cha kivuli, urefu mita 6, upana mita 3, kimo mita 2.4, na miche miwili tu ya thunbegia ya buluu, mtambaa wa maua. Miwili inatosha. Anayepanda minne kwa haraka ya kivuli atakipata mapema kidogo, kisha atakata mara mbili zaidi kila mwaka. Thunbegia haibembelezwi ili ikue. Kinachotaka akili ni chuma itakachopanda, mahali mizizi itakapokaa, na mkasi usiokaa stoo.

Jina la kitaalamu ni Thunbergia grandiflora. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa India, Myanmar na kusini mwa China. Jina limetokana na Carl Peter Thunberg, mtaalamu wa mimea wa Uswidi (1743–1828). Ndugu mdogo wa mmea huu, Thunbergia alata, mwenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi, ni wa huku kwetu Afrika Mashariki na hujiotea vichakani bila kupandwa na mtu. Huyo si wa mradi huu. Yuko pia ndugu mwingine, Thunbergia laurifolia, ambaye maua yake yanafanana mno na haya. Tofauti ishikwe kwenye jani: la grandiflora ni pana, lina meno makubwa karibu na kikonyo na linakwaruza ukilipitishia kidole, la laurifolia ni jembamba na laini.

Jambo moja liliamuliwa kabla ya chochote kununuliwa. Huko Queensland, Australia, mmea huu umetangazwa kuwa gugu. Ulitoka bustanini kupitia taka za kupogolea na vipande vilivyobebwa na maji, ukafika kwenye miti ya kingo za mito na kuifunika. Nyuma ya bustani hii unapita mfongo, yaani mfereji wa kienyeji wa kumwagilia mashamba, na maji yanashuka upande uleule ulipo msitu wa Rau wenye mivule. Kipande cha shina chenye kifundo kimoja kikitumbukia kwenye mfongo, hakuna atakayejua kitatia mizizi wapi. Kila hatua hapa chini imepangwa kwa kuuangalia mfongo huo.

Januari, wiki ya 2: vipandikizi

Vipandikizi 12 vilikatwa saa 1 asubuhi, kabla jua halijakausha majani. Shina linalofaa ni la unene wa penseli, ambalo limeanza kugeuka kahawia lakini bado linapinda bila kuvunjika. La kijani kabisa huoza, na lililokomaa sana hukaa miezi bila kutoa mzizi. Urefu sentimita 18 hadi 20, vifundo vitatu. Chini ulikatwa mkato wa kunyooka, nusu sentimita chini ya kifundo. Juu mkato wa mshazari. Mshazari una kazi mbili: maji hayatuami juu yake, na anayepanda hawezi kukigeuza kipandikizi juu chini. Majani mawili ya juu yalibakizwa, kila moja likakatwa nusu ili lisipoteze maji mengi.

Vipandikizi 8 viliwekwa kwenye mchanganyiko wa ndoo 2 za mchanga wa mto uliooshwa na ndoo 1 ya mboji iliyochekechwa. Vinne vilivyobaki viliwekwa kwenye udongo mwekundu wa shambani mtupu ili tulinganishe. Viriba vya nailoni vya upana wa sentimita 10, vifundo viwili ndani ya udongo, kimoja juu. Viriba vyote vilifunikwa kwa nailoni nyeupe juu ya fito zilizopindwa, chini ya kivuli cha mwembe. Maji yalinyunyizwa asubuhi tu.

Januari, wiki ya 3 na ya 4: chuma

Milingoti ya mkaratusi na ya paini ilikataliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mchwa, na hao kila mtu anawajua. Ya pili husahaulika: ua la thunbegia linawavuta nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu ili kutaga, na mbao laini ya paini ndiyo wanayoipenda. Ukijenga kwa paini umewapa chakula na nyumba mahali pamoja. Baada ya miaka michache boriti inakuwa na mashimo ya upana wa kidole ndani kwa ndani, huku juu yake kuna mzigo unaozidi kila mvua.

Paipu za galvanaizi za inchi 2, urefu wa mita 6 kila moja, zilitumika 7. Tatu zilikatwa katikati zikatoa nguzo 6 za mita 3: sentimita 60 ardhini, mita 2.4 juu. Mbili zilikaa nzima, moja kila upande mrefu. Moja na nusu zilitoa mihimili 3 ya kukatiza ya mita 3. Ikabaki nusu paipu.

Mashimo ya nguzo ni sentimita 30 kwa 30, kina 60. Zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4 lilikula mifuko 2 ya saruji ya kilo 50 kwa mashimo yote sita. Juu ya kila shimo zege lilipandishwa sentimita 5 kupita usawa wa ardhi na kulainishwa kwa mteremko, ili maji yasisimame kwenye shingo ya paipu. Nguzo ya chuma huliwa na kutu hapo hapo, pale zege, hewa na maji vinapokutana, na kuifumua ukiwa na mtambaa wa miaka mitano juu yake ni mateso. Kila mahali palipochomelewa zinki imeungua, kwa hiyo palisuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Midomo ya juu ya nguzo ilizibwa.

Waya laini wa geji 8 ulivutwa kwa urefu wa kichanja, nyaya 9 zilizoachana sentimita 30. Mita 54 ni za kichanja chenyewe. Pamoja na za kuzungushia ncha, zilienda karibu mita 60. Nyaya zilikazwa baada ya zege kukaa siku 7. Kosa lilitokea kwenye waya wa kwanza: ulikazwa mpaka mwisho kabla ya mingine kufungwa, na muhimili wa ukingoni ukavutwa ndani. Dawa ni kufunga nyaya zote zikiwa zimelegea, kisha kukaza kuanzia wa katikati kwenda nje, kidogo kidogo, raundi tatu.

Februari, wiki ya 3: hesabu ya kitalu

Kwenye mchanganyiko wa mchanga, 7 kati ya 8 vimetoa mizizi. Kwenye udongo mwekundu mtupu, 1 kati ya 4. Vile vitatu vilivyokufa viling'olewa vikaonekana vyeusi kuanzia chini, ngozi ikitoka kwa kidole na harufu ya kuoza. Udongo huu ni mzuri sana kwa migomba na kahawa, ila ndani ya kiriba hushikamana, hauna hewa, na kidonda cha mkato hukaa ndani ya maji.

Namna ya kujua bila kung'oa: vuta kipandikizi juu taratibu kwa vidole viwili. Kikigoma, kina mizizi. Jani jipya si ushahidi, kwa sababu shina huweza kuchipua kwa akiba yake yenyewe na kufa wiki mbili baadaye. Nailoni ilianza kufunguliwa, saa mbili kwa siku wiki ya kwanza, saa tano wiki ya pili, kisha ikaondolewa kabisa.

Machi, wiki ya mwisho: kupanda

Mvua za masika zimeshika. Miche miwili iliyonyooka zaidi ilichaguliwa, kimo cha sentimita 35 na 38. Mmoja, A, umepandwa pembe ya kaskazini magharibi, na B pembe ya kusini mashariki, ili kila mmoja ukue kuelekea kwa mwenzake. Umbali kutoka kwenye nguzo ni sentimita 45. Kutoka ukuta wa nyumba ni mita 4, kutoka shimo la maji taka mita 9.

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Thunbegia hii hutengeneza viazi kwenye mizizi, na kiazi kikishanenepa mmea haufi kwa kukatwa shina. Kwa hiyo kila mche umepandwa ndani ya pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa matako na kifuniko, likawa kama bomba pana. Shimo lilichimbwa sentimita 65 kwa upana na 80 kwa kina, pipa likashushwa, likaachwa limechomoza sentimita 6 juu ya ardhi. Mdomo huo uliochomoza usidharauliwe. Tawi linalotambaa chini likiegemea pipa huonekana, lakini pipa likiwa sawa na ardhi tawi huvuka na kutia mizizi nje. Chini pako wazi kwa sababu maji lazima yatoke na mzizi lazima ushuke. Pipa halizuii kila kitu. Linachofanya ni kuviweka viazi vikubwa mahali panapojulikana, ili siku ya kuung'oa mmea uchimbe shimo moja badala ya bustani nzima.

Udongo wa juu uliwekwa kando, ukachanganywa na debe 2 za samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na ndio uliorudishwa kuzunguka mizizi. Mbolea ya dukani haikuwekwa. Matandazo ni majani makavu ya mgomba, unene wa sentimita 8, yakiachwa mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Aprili hadi Mei: shina moja tu

Wiki tatu za kwanza mmea unaonekana haufanyi kitu, unajenga chini. Baada ya hapo A uliongeza sentimita 18 kwa wiki, na kufikia wiki ya pili ya Mei ulikuwa unaongeza zaidi ya sentimita 60. Hapo mche huachwa siku tano, na ukirudi umeshakumbatia ufagio ulioegemezwa karibu.

Thunbegia haina vikono vya kushikia kama pasheni. Inapanda kwa kujizungusha yenyewe, na kwenye paipu ya inchi 2 huteleza, tena paipu hupata moto mchana. Badala yake ilifungwa kamba ya katani ya unene wa milimita 10 kutoka kwenye kigingi ndani ya pipa hadi waya wa juu, sentimita 10 kutoka kwenye nguzo. Katani huoza yenyewe baada ya mwaka hivi, wakati shina limeshakuwa mti na halihitaji kamba. Kamba ya nailoni haiozi. Shina hunenepa juu yake, kamba huzama ndani ya ganda na kulinyonga.

Vifungo ni vipande vya fulana za mtumba kutoka soko la Memorial, upana wa sentimita 3, vilivyofungwa kwa umbo la nane ili kitambaa kikae katikati ya shina na kamba. Machipukizi yote ya pembeni yaliondolewa kwa kidole yakiwa bado na urefu wa chini ya sentimita 5. Yakiachwa, mmea huwa kichaka cha chini na kichanja hubaki wazi.

Wiki ya mwisho ya Mei A umefika juu. B uko sentimita 40 nyuma.

Juni hadi Agosti

Baridi ya Moshi imepunguza kasi hadi sentimita 10 kwa wiki. Hakuna cha kuharakisha. Mbolea wakati wa baridi ni hasara. Maji lita 10 kwa mche mara mbili kwa wiki baada ya mvua kukatika.

Kazi iliyofanyika ni kugawa matawi. Ncha ya A ilikatwa ilipopita waya kwa sentimita 15, na ya B vivyo hivyo wiki mbili baadaye. Vifundo vilivyokuwa chini ya mkato vilichipua. A umepewa nyaya namba 1, 3, 5, 7 na 9. B umepewa 2, 4, 6 na 8. Tawi moja kwa waya mmoja, mengine yote hukatwa. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na matokeo yake huonekana baada ya miaka miwili: fungu moja nene katikati, limejisokota lenyewe kwa lenyewe, juu kijani na chini majani makavu ya kahawia ambamo panya hulala.

Septemba: vumbi na utitiri

Majani ya A upande wa barabara yamepata madoa madogo ya njano kama chenga za chumvi. Jani likigeuzwa na kupigwa juu ya karatasi nyeupe, nukta ndogo nyekundu zinatembea: utitiri mwekundu. Hupenda jani kavu lenye vumbi. Majani yalipigwa maji kwa mpira upande wa chini, saa 1 asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha mara moja kwa wiki. Yaliyoharibika zaidi yalikatwa na kuchomwa. Wiki ya tatu majani mapya yametoka safi. Dawa ya sumu haikununuliwa, maana wakati huo matumba ya kwanza yalikuwa yameshaonekana na nyuki walikuwa njiani.

Matumba mengine ya A yalianguka yakiwa yamefungwa. Sababu ni kiu. Udongo ndani ya pipa ulichimbwa kwa kidole ukakutwa mkavu mpaka sentimita 12. Pipa huzuia mizizi isitafute maji pembeni, kwa hiyo lita 10 zilizotosha Juni hazitoshi Septemba. Zimepandishwa kuwa lita 20, mara tatu kwa wiki.

Oktoba, wiki ya 2: maua

A umechanua. Shada linaning'inia chini ya waya, maua yakifunguka mawili mawili kuanzia juu. Kila tumba limefunikwa na vikopa viwili vya kijani vilivyoshikana kama viganja vya mtu anayeomba. Vikipasuka, ua hutoka limekunjamana na hunyooka asubuhi hiyo hiyo. Upana wake ni sentimita 7 hivi, buluu ya zambarau iliyopauka, koo la njano hafifu lenye michirizi. Nyuki mweusi akiingia, koo linamtosha kamili kama shati lililoshonwa kwa vipimo, na akitoka mgongo wake una unga mweupe wa chavua.

Wadudu waliojaa kwenye vikopa si siafu, ni sisimizi. Wasipigwe dawa. Vikopa hivyo vina tezi za asali nje ya ua, na sisimizi wamefuata hiyo. Wakiwepo, huwasumbua nyuki wanaotoboa ua kwa nyuma na kuiba asali bila kugusa chavua. Jambo la kukagua ni moja tu: sisimizi wakishuka kwa mistari kwenye shina na chini yao kuna pamba nyeupe, hao wanafuga vidugamba, na pamba hiyo ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

B hauna ua hata moja. Majani yake ni makubwa, ya kijani kizito, pingili ndefu. Chanzo kilipatikana: maji ya kuoshea banda la kuku yanateremka hadi kwenye pipa lake kupitia mfereji mdogo. Ni naitrojeni nyingi, na mmea unaoshiba naitrojeni unaendelea kutoa majani. Mfereji umegeuziwa kwenye migomba.

Novemba, wiki ya 3: umetoroka

Mvua za vuli zimeanza na ukaguzi ulipitwa kwa siku 24. Tawi moja la B lilianguka nyuma ya kichanja, likapita chini ya matuta ya maharage, likaenda mita 3.2. Ncha yake ilikuwa mita 1.5 kutoka kwenye mfongo. Vifundo vinne vilikuwa vimeshatia mizizi.

Halikuvutwa kwa mkono. Ukivuta, shina hukatika kwenye pingili na kifundo chenye mizizi hubaki ardhini. Kila kifundo kilichimbwa kwa sepeto na bonge lake la udongo, kikatikiswa juu ya bati, vipande vikahesabiwa: mizizi minne ilitoka, minne ikaonekana. Mmoja ulikuwa umeanza kuvimba, unene wa kidole cha mwisho. Kwa siku 24!

Kuanzia hapo ratiba ni kila siku 14 wakati wa masika na vuli, kila siku 30 miezi mingine. Mtu mmoja anazunguka kichanja na mkasi. Kila kinachoning'inia chini ya mita 1.8 kinakatwa, kila kinachopita ukingo wa nje kwa zaidi ya nusu mita kinakatwa. Tawi lililonyooshea mgrivea wa jirani na mstari wa masale mpakani limeondolewa lote, na nafasi ya mita 3 imeachwa tupu upande huo. Ukishaingia kwenye mgrivea wa mita 15 hakuna ngazi ya nyumbani itakayoufuata.

Mabaki yote hukaushwa juu ya bati kwa wiki tatu, bati likiwa limeinuliwa juu ya matofali ili vipande visiguse udongo, kisha huchomwa. Hayaendi kwenye mboji yakiwa mabichi, hayatupwi kwenye mfongo wala jalala la mtaa.

Viriba vya akiba navyo vilikaguliwa. Miche 6 iliyobaki kitaluni ilikuwa imetoboa viriba na kushika ardhi chini yake. Minne iling'olewa ikakaushwa. Miwili imehamishiwa kwenye ndoo zilizosimama juu ya sakafu ya saruji. Anayeomba mche anaonyeshwa kwanza pipa na bati. Asiye na nafasi ya vyote viwili anapewa bogenvilia.

Februari, wiki ya 1: kupogoa mara ya kwanza

Kichanja kimefunikwa theluthi mbili na zaidi. Kupogoa kumefanyika sasa, ukame ukiwepo, ili machipukizi mapya yakutane na masika. Maua hutoka kwenye matawi mapya. Matawi makuu tisa yameachwa. Yale ya pembeni yamekatwa hadi vifundo viwili au vitatu kutoka kwenye tawi kuu, na majani makavu yote ya chini yametolewa. Mabaki yalijaza magunia 5.

Mkasi ulifutwa kwa spiriti kati ya A na B. Waya namba 4 umelegea na kukazwa tena. Shingo za nguzo hazina kutu. Kwenye nguzo ya tatu shina la A limeanza kujisokota kwenye paipu badala ya katani. Limefunguliwa mizunguko miwili na kufungwa upya kwa fulana.

B ulikuwa na matumba 11 siku ya kukata. Tawi lile limeachwa bila kuguswa mpaka yachanue.